Nusu Inchi

Kitambaa cha mabawa nilikishona mimi,
kwa cherehani ya miguu, sebuleni,
viti tumevihamishia kwa jirani.
Mita ishirini na nane, nyeupe.
Kunja mara mbili, akaniagiza Githaiga,
kama mshono wa gunia la ngano.
Nikamjibu: gunia halinibebei mume.

Injini aliitoa kwenye Subaru iliyopinduka Salgaa.
Magurudumu ya pikipiki. Mbao za msonobari
alizipiga msasa usiku, mlango wazi,
na asubuhi uji ulikuwa na ladha ya useremala.
Miaka sita.
Nyokabi alizaliwa, akang'oa meno, akaota mengine,
na bawa la kushoto bado lilikuwa mbavu tupu.

Jumamosi, shambani kwa Kirwa, nje ya Njoro.
Ngano imevunwa, mabua yamebaki
kama ndevu za siku tatu.
Walikuja wote: wa bodaboda, wauza mahindi,
mwalimu wa fizikia na darasa zima,
na fundi mmoja wa pampu aliyetudai.
Mtu akasema, *Aliye juu mngoje chini,*
wakacheka.
Mimi nilikuwa namngoja chini, kweli.
Sikuwa na kazi nyingine duniani.

Akapaa.
Hilo liandikwe kwanza, kabla ya mengine.
Alipaa, akazunguka tangi la maji la shule,
kuku wa Kirwa wakaingia chini ya trekta,
na alipopita juu yangu, jua likiwa nyuma yake,
niliuona mshono wangu kwa ndani,
mstari mweusi ulionyooka
ndani ya weupe unaopitisha mwanga,
kama nepi kwenye kamba.

Kisha upepo wa Mau ukageuka, kama ugeukavyo saa tatu.
Alikuja vizuri.
Mpaka kimo cha paa alikuja vizuri.
Sijui mabua yalimwambia nini.
Alidhani ardhi imefika, akavuta usukani,
na ardhi ilikuwa bado.
Ndege ikasimama hewani
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Halafu ikaachiliwa.

Haikulia kama bomu.
Ililia kama kabati lililoponyoka mikononi mwa watu wanne.
Miguu ikatawanyika, ya ndama anayejaribu kusimama,
panga la mbele likauma udongo, likakatika,
kipande kimoja kikatua kwenye senyenge ya jirani
na kipo hadi leo, wameanika soksi.

Nilikimbia. Ndala moja ilibaki huko.
Alikuwa ameketi ndani ya vumbi, mikono bado usukanini,
akaniambia, *Wacera, nimetua.*
Hata askari alipokuja na daftari, akaandika *ajali,*
yeye, amelala kwenye mlango uliong'olewa chooni,
alisema: andika *kutua.*

Jua nalo hutua. Mzigo hutuliwa.
Moyo, wanasema, hutulia.
Wangu ulikuwa umekaa chonjo kwenye paa la mtu
na haukutaka kushuka.

Nakuru, daktari aliinua picha dirishani.
Pingili moja ya mgongo imebonyea,
mkebe uliokanyagwa.
Miezi mitatu chali. Githaiga akihesabu misumari ya dari,
akinitajia ipi imepigwa vibaya.

Leo amesimama mbele yangu, suruali inaburura.
Nilidhani kiuno kimepungua. Nikapima mara mbili.
Amefupika nusu inchi.
Nusu inchi ya mume wangu iko shambani kwa Kirwa,
na mwezi huu watapanda juu yake.

Nimepiga magoti kumkunjia pindo.
Uzi mweusi umekwisha, natumia ule mweupe uliobaki.
*Simama wima.*
*Nimesimama.*
Anatazama nje, miti inavyoinama.

Kitambaa kiko juu ya kabati, kimekunjwa.
Nilikikagua usiku, kidole kwa kidole,
mita zote ishirini na nane.
Hakuna uzi uliofumuka.

*Na mabawa,* anauliza, hanitazami,
*kitambaa kilichanika sana?*

Nina pini nne mdomoni.
Naendelea kushona.