Kipimo cha Maji, Maisome

Tangu Jumanne mvua haikupumua.
Ziwa lilipanda rula yangu ya chuma pale gatini
kama mtoto apandaye ngazi, alama kwa alama, likinitazama.
Mita na robo. Mita na nusu.
Niliandika kwa penseli, maana wino ulikuwa unalia.

Elikana Mugasa alipita na shoka begani, buti za serikali,
akasema, "Perusi, usilale nyumba ya chini."
Hakuongeza neno. Miaka miwili kanisani
tumekaa mabenchi yanayotazamana,
yeye besi, mimi sauti ya pili,
na neno lenyewe tumelipitisha kwa macho
kama kapu la sadaka linalozunguka
bila mtu kutumbukiza kitu.

Lakini Ijumaa nilikuwa nimeiona boti isiyo na namba
imefichwa kwenye mafunjo, imesheheni mbao za wizi,
na kando yake, topeni, alama ya buti ninayoijua:
kisigino cha kushoto kimelika upande.
Sikumwambia mtu. Hata Mungu sikumwambia,
kana kwamba Yeye hakuwepo mafunjoni.

Saa tano usiku kilima kikaguna.
Si radi. Radi hutoka juu.
Hii ilitoka chini ya miguu,
kisha msitu ukaanza kutembea kwenda ziwani,
mivule wima, kama watu waendao ubatizoni,
kisha ikalala.

Nyumba ya chini ilikwenda na kitanda
nilichokihama saa tatu, kwa kinyongo.
Nikabaki juu ya jabali na tochi
yenye betri moja nzima, nyingine ya imani.
Mtumbwi wangu haukuwepo. Kamba ilikuwa imekatwa,
haikukatika: ncha imenyooka kama mkate wa kisu.

Ndipo nikasikia shoka.
Ko.
Kimya.
Ko.
Nani akate mti usiku ambao Mungu mwenyewe anakata?
Nikawaza mbao. Nikawaza kisigino.
Nikawaza: ananitafuta mimi niliyeona.
Nikazima tochi, nikaomba vibaya,
maombi ya mtu aliyeshika jiwe.

Na katikati ya ko na ko, besi.
Besi tupu, haina wimbo juu yake.
Asiyeimba kwaya hawezi kuijua;
ni nguzo za gati zilizobaki bila mbao.

Nikashuka. Tope hadi mapajani.
Elikana alikuwa amepiga magoti majini,
anakata tawi lililombana Bwire,
Bwire wa mbao, Bwire aliyemtumia risasi
ndani ya bahasha mwezi wa pili,
Bwire ambaye nyayo zake alizifuata Ijumaa ile
peke yake, hadi mafunjoni.

"Kamba nilikata mimi," Bwire alisema, meno yakigongana.
"Nilitaka kuvuka. Mtumbwi ukanikimbia."
Maji yalikuwa kifuani pake. Kisha mabegani.
Kupima ndiyo kazi yangu. Nilijua tulibakiza muda gani.
Jiwe bado lilikuwa mkononi.
Elikana aliliona. Hakuniambia nilitupe.
Alisema tu, "Mulika hapa. Sauti ya pili, ingia."

Nikaingia, nje ya ufunguo kabisa.
Nikalisukuma jiwe chini ya tawi, likawa kabari.
Ko. Maji shingoni. Ko. Kidevuni.
Sijui ni shoka, au jiwe, au Yule
niliyemnyima habari za Ijumaa:
mti ulilegea kama ngumi ya mtoto aliyelala.

Alfajiri tulikuwa watatu juu ya jabali.
Furukombe alilia mahali palipokuwa na gati.
Viganja vya Elikana vimechubuka, anavificha.
"Leo ziwa ngapi?" akauliza.
Nikatoa daftari chini ya kanga iliyolowa,
nikaandika tarehe, nikaandika:
Kipimo hakionekani.
Akausoma mstari juu ya bega langu,
akarudia, polepole,
kama asomaye barua aliyoingoja miaka miwili.
Bwire alijifanya amelala.