Usitabasamu

Studio yangu inatazamana na kituo cha viza,
hatua kumi na nane kuvuka barabara,
kati ya duka la dawa na mama muuza mkate wa lavashi.
Urefu milimita arobaini na tano, upana thelathini na tano,
masikio yote mawili yaonekane,
nyuma kuwe kweupe.
Mlima tunaoamka nao kila siku hapa Yerevani
hauruhusiwi kutokeza nyuma ya kichwa cha mtu.

"Usitabasamu," huwaambia,
nao hutii, wamezoea kutii.
Miaka ishirini na miwili nawafuta watu tabasamu
mmoja mmoja, dramu elfu mbili kwa picha sita.
Vardges, fundi wa zumari,
alikuja na tai ya marehemu kaka yake.
Zaruhi wa chuo cha meno
alitetemeka hadi nikamshikisha glasi ya chai
chini, mahali kamera isipofika.
Huvuka barabara na bahasha kifuani
kama waliobeba mayai.
Wakirudi, sina haja ya kuuliza:
aliyepata hupita dukani kuaga,
aliyenyimwa hupita upande wa pili.

Waliosema tembea uone
hawakutaja hati ya benki ya miezi sita,
bima, tiketi ya kurudi,
chumba kilicholipiwa katika mji
ambao hujui bado kama utaruhusiwa hata kuuota.

Machi iliyopita mke wangu aliketi kwenye stuli ileile.
Siranushi, fundi cherehani, miaka sitini na minne,
akiba yake kaishona pindo kwa pindo.
Alitaka Lisboni.
Hana ndugu kule. Hana shauri kule.
Aliona kalenda ya duka la dawa,
mwezi wa Julai, ukuta mzima wa vigae vya buluu,
akasema, "Ule ningependa kuugusa."

"Usitabasamu," nikamwambia.
Akaangua kicheko.
Nikapiga: kona ya mdomo imepanda.
Nikapiga tena: mdomo umefungwa, macho yanacheka,
kama mtoto aliyeficha peremende shavuni.
"Unaongea kwa sauti ya serikali," akasema,
"wewe uliyeunguza mayai asubuhi."
Ya kumi na moja ndiyo iliyokubali kufanana na maiti.
Tukaikata hiyo.

Dirishani wakamuuliza, kusudi la safari?
"Kutazama."
Kutazama nini?
"Ukuta."
Kijana akaacha kuandika. Kwa nini sasa?
"Kwa sababu magoti bado yananikubalia."

Siku kumi na tano.
Pasipoti ikarudi ndani ya mfuko wa plastiki
na karatasi moja, visanduku vingi, alama moja ya vema:
hatuna uhakika kwamba mwombaji atarudi kwao.

Aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.
Kisha akasema, bila hasira, kama anayepima kitambaa:
"Miaka thelathini na tisa narudi kwa mtu huyu kila jioni.
Hata ile baridi ya giza, umeme saa moja kwa siku, nilirudi.
Hata mwaka ule niliomchukia.
Si wangewauliza majirani?"

Ada hairudishwi.
Hilo liliandikwa tangu mwanzo, kwa herufi za kutafutwa na miwani.

Tutaomba tena Septemba.
Kwa sasa ile picha ya kwanza, ya kicheko, nimeikuza,
nikaibandika juu ya benchi wanaposubiri wateja.
Meno yote nje, sikio moja limefichwa na nywele,
kosa juu ya kosa.
Jana mzee mmoja, kofia mapajani, aliikodolea macho muda mrefu.
"Huyu," akauliza, "alikubaliwa nchi gani?"

Nikarekebisha taa.
"Bado," nikamwambia. "Inua kidevu."