Gemu Tatu za Mwanzo

Saa moja kasoro robo, Julai, Moshi haijaamua kuamka.
Mlima umejifunika mpaka kidevuni.
Tunapumua, na kila pumzi inatoka moshi;
Ndelilio anacheka, ndiyo maana mji ukaitwa hivi.

Mwalimu Kundaeli ameficha mipira.
Ameifungia kwenye ndoo ya rangi, akaikalia ndoo.
"Kwanza mwili," anasema. "Mpira una kwao."
Basi tunazunguka kiwanja, umande juu ya chokaa,
visigino vikigonga makalio,
kisha magoti juu, kama watu wanaovuka mfereji
na viatu vya Jumapili.

Ninachochukia zaidi ni mwendo wa kaa,
upande, upande, mpaka wavuni,
upande, upande, kurudi,
mpaka mapaja yalalamike kwa Kichaga cha bibi.
Halafu mikono: duara dogo, duara kubwa,
bega la kulia likilia kah, kah, mlango wa stoo.
Halafu kupiga hewa. Raketi ipo, mpira haupo.
Ishirini kulia, ishirini kushoto.
"Mnamwua nani?" aliuliza siku moja mwenye mbuzi
akipita kando ya reli.
Tukamwambia: baridi.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi.
Mwalimu husema huyo ni samaki;
mtoto wa mtu mkunje akishapata moto.
Kisha hupandisha suruali
atuonyeshe shavu la mguu lilipokatika, miaka ile.
Kovu hakuna. Msuli hukatikia ndani.
Anatuonyesha pahali pasipo na kitu
na sisi tunapatazama kwa adabu.

Jumamosi akaja Nashipai, wa Arusha,
raketi tatu ndani ya begi moja,
zipu ya jaketi imefika shingoni.
Alikaa benchi, akanyoosha mguu mmoja,
akatulia kama anayesubiri sindano.
Mimi dakika kumi na mbili niliruka kamba nyuma ya choo
mpaka jasho likanichora mstari mgongoni.

Gemu ya kwanza sikuihisi; miguu ilifika kabla yangu.
Ya pili, mpira ulikuwa mkubwa kama papai.
Ya tatu, servisi yake ilikuja na tongotongo machoni,
nikairudisha kitandani.
Tatu bila.
Ndelilio alishaanza kucheza kwenye uzio.

Ndipo akavua jaketi.
Jua nalo, lisilo na upande, likapanda,
na damu yake ikakumbuka kazi iliyoiajiri.
Sita kwa nne, yake.
Seti ya pili sitaisimulia.

Nilikaa juu ya ndoo, sweta kichwani.
Mwalimu hakunipa pole, alinipa nusu ya ndizi;
nusu nyingine alikuwa ameshaila.
"Zile tatu," akasema huku anatafuna,
"zile ulizipika mwenyewe. Zilizobaki hatujajifunza."

Mchana, kabla ya mechi yake nyingine,
Nashipai alinifuata nyuma ya choo.
Hakuzunguka maneno. "Hiyo kamba," akasema, "naomba."
Nikampa.
Nikamhesabia kwa sauti, moja, mbili,
na kimoyomoyo nikimwombea ajikwae.
Alifika tisini na nne.
Nikamwambia, anza tena.