Ratiba ya Kulala

Limefungwa kwa boliti nne kwenye nguzo ya daraja,
chini kidogo ya Uvinza, pale Malagarasi unapopinda
kana kwamba umesahau kitu nyuma.
Sanduku la kijivu, urefu wa mkate wa duka.
Ndani: betri nne, saa, kumbukumbu isiyojaa upesi,
na laini ya simu isiyo na wa kumpigia ila ofisi.

Kazi yake kubwa ni kulala.
Siku nzima nilipiga hesabu ya usingizi wake:
likiamka kila dakika, betri haifiki Pasaka;
likiamka kila baada ya saa sita, mafuriko yatapita
kama mgeni aliyebisha hodi tukiwa kisimani.
Nikakata robo saa.
Linafumbua jicho, linapima kina, linaandika,
linafumba.
Sisimizi hajamaliza kuvuka kifuniko.

Kusema ndiko kunakokula betri.
Kupima ni kulamba chumvi kwa ncha ya kidole,
kuandika ni kulamba tena;
lakini kutafuta mnara, kupaza sauti hadi Kigoma mjini,
hapo sahani nzima huliwa.
Basi linanyamaza mchana kutwa, usiku kucha,
linalimbikiza vipimo tisini na sita
na kuvitoa kwa pumzi moja alfajiri.
Mnara ukikataa, hujaribu mara tatu. Halafu huweka.
Kesho litasema ya leo na ya kesho.

Kabla yake alikuwapo Bi Nyabenda, miaka kumi na tisa,
na ubao wa kipimo na daftari la mistari:
asubuhi saa moja, jioni saa kumi na moja.
Mwezi mmoja walipima pamoja, yeye na sanduku.
Nilipolinganisha, sikuelewa:
mto wake ulipanda saa tatu kabla ya mto wangu,
kama mito miwili ndani ya kingo zile zile.

Nilimkuta akianika muhogo.
Akalitazama jedwali, akacheka.
"Hili lako linahesabu kwa jua la nani?"
La Ulaya, nikakiri; nililiachia saa ya kiwandani.
Kwake saa moja, kwangu saa nne. Maji yale yale.

"Na mto ukifura usiku?"
Ukivuka mita tatu, nikasema, linaamka kila dakika,
linapiga simu papo hapo, halingoji alfajiri.
"Ndivyo nilivyokuwa nikifanya," akasema,
akigeuza muhogo. "Ila za usiku sikulipwa."

Wiki hii volti zimeshuka.
Nimeliongezea usingizi, nusu saa badala ya robo,
hadi treni iniletee betri.
Usiku napekua daftari lake.
Tarehe kumi na nne Machi, mstari mtupu,
na pembeni, kwa penseli:
*Sikupima. Mtoto amekuja.*

Sanduku likikosa, huandika tisa nne,
tisa tisa tisa tisa,
basi.