Kifungu cha Kumi na Nne

Ajenda ya tatu, baada ya chai:
fainali ikiisha sare, tufanyeje?
Tuko watu saba, ukumbi wa kupanga, Pasiansi,
feni inazunguka kama inatafuta ilichoangusha,
na maandazi yamebaki mawili
ambayo kila mmoja anamwachia mwenzake.

Bwire anataka dakika tano, halafu tano tena,
mpaka mmoja aanguke.
Mama Shigela anataka mitupo:
wasichana watano kwa watano, pete moja, uwanja kimya.
Padri wa shule ya misheni anasema turudie kesho.
"Kesho kwa nauli ya nani?" anauliza mhasibu,
na kesho inafia palepale mezani.

Mwenyekiti Ndaki anagonga kalamu.
"Sarafu, jamani. Sarafu haina shangazi."

Mimi ni katibu, kazi yangu kuandika.
Nikaandika *sarafu*. Mkono ukasita kwenye f.

Mwaka themanini na nane,
uwanja wa chini ya majabali, Kirumba,
ishirini na tatu kwa ishirini na tatu,
sisi na wasichana wa Ukerewe.
Jua limeshakwenda upande wa ziwa,
meli ya Nansio imepiga honi ya kwanza.
Nyangeta, kapteni wao, kifundo kimemvimba,
amekifunga kwa khanga ya mtazamaji.
Mimi, kapteni wetu, kiatu kimoja changu, kimoja cha kuazima.

Refa akatoa shilingi. Nyangeta akasema kichwa.
Nikabaki na mwenge.
Ikapanda, ikajigeuza, ikashukia jiwe,
ting',
ikabingirika kama yenye safari zake
ikazama kwenye ufa, katikati ya majabali mawili.

Refa akalala kifudifudi na shati lake jeupe,
akafumba jicho moja.
Honi ya pili.
Akainuka, akajipangusa magoti:
"Mwenge."

Tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka.
Nyangeta alinipa mkono, mkavu, wa moto,
akasema, "Mmeshinda,"
akachechemea kuelekea gatini.
Hakuna aliyemwuliza refa kitu.
Meli haingoji rufaa.

Asubuhi nikarudi na tochi ya baba,
ufito mrefu, ulimbo kwenye ncha.
Niliitaka ile shilingi iwe kumbukumbu.
Nikalala alipolala. Nikamulika.
Ufa ulishuka, ukapinda kama kiwiko,
na baada ya kiwiko, giza.
Kichwa hakuna. Mwenge hakuna.
Mjusi kafiri alinitazama, akatikisa kichwa chake, akaenda.

Sikumchukia yule refa.
Alikuwa na timu mbili, meli moja, usiku unaingia;
alihitaji neno
akaokota lililokuwa karibu.
Lakini kombe lilikaa kabatini kwa mkuu wa shule,
na kila nilipoitwa ofisini
niliiona sura yangu kwenye tumbo lake,
imevutwa huku na huku,
mdomo mpana kuliko yote niliyowahi kusema.

"Katibu, una la kuongeza?"

Nikasema: tuwaachie sare yao.
Wameitolea jasho, ni yao.
Majina mawili kwenye kombe, miezi sita bara, sita kisiwani.
Ndaki akacheka, si kwa ubaya.
"Kombe si mtoto wa wazazi walioachana."
Kura: watano kwa mmoja.
Padri alikuwa amesinzia.

Basi kifungu cha kumi na nne kimepita,
pamoja na nyongeza ya Bwire, mtu wa sheria:
*sarafu irushwe mahali tambarare.*
Nimeiandika neno kwa neno.

Halafu nikatazama nje ya dirisha.
Nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba,
na kule kwenye mteremko watoto wanacheza,
mpira wa makaratasi na kamba;
anayeukosa
huukimbilia mpaka ziwani.
Mahali tambarare.
Mwanza hii.