Saa Saba, Mlango wa Mashariki

Saa saba kamili jumba linatema watu:
madaktari wa meno mia nne,
kadi zinaning'inia shingoni kama kengele za mbuzi,
na swali lao ni moja.
"Askari, chakula kizuri hapa karibu ni wapi?"

Karibu ni neno la kupimwa, nawaambia.
Karibu ya kiatu ama karibu ya mfuko?

Mwenye tai ya hariri namvusha Mtaa wa Harambee
apande ngazi za hoteli ya vitambaa vyeupe,
ambako samaki huletwa bila kichwa
asije akamtazama anayelipa.
Mwenye haraka, kwa Gathigia, kona ya pili,
bhajia zinatoka karaini zikiwa bado zinabishana.
Mzee wa Kisumu aliyechoshwa na biskuti za kamati
nampeleka ng'ambo ya Barabara ya Moi,
ashuke ngazi, asitazame ukuta, atazame sahani:
ngege mzima, mkia nje ya sinia,
na ugali uliosimama kama shahidi asiyenunulika.
Anayeuliza kwa kunong'ona, akigeuka nyuma,
huyo anataka mutura.
Ngoja jioni, namwambia.
Mwanga wa mchana unauvunjia heshima.

Kwa Mwongeli sipeleki kila mtu.
Mabenchi mawili tu, nyuma ya duka la mihuri.
Maharagwe yamelala motoni tangu usiku,
chapati anazipiga makofi mpaka zifunguke kurasa kurasa,
na pilipili yake haiulizi cheo.
Huko namtuma aliyenisalimu kabla ya kuuliza.

Miaka kumi na mmoja nimekuwa ramani.
Najua supu gani huongezwa maji ikifika saa nane,
mhudumu gani husahau chenji kwa makusudi,
pilau gani nyama yake ni ya kutafutwa kwa wito.
Yote nimeyasoma kwa wanaorudi:
vijiti midomoni, mchuzi kwenye tai,
mkanda uliolegezwa tundu moja,
harufu inayoingia getini kabla ya mwenyewe.
Kuketi? Sijaketi hata mahali pamoja.

Leo akaja daktari kutoka Wete, Zuwena Makame,
mfupi, viatu mkononi,
akaniamkia shikamoo.
Kwetu Sirisia hatuna mazoea nayo,
marahaba yangu ikachelewa kama mshahara.
Nikanyoosha kidole: kwa Mwongeli, mama, pinda pale kwenye mihuri.
Hakwenda.
"Na wewe wala wapi?"

Swali hilo halina barabara.
Nikageukia kibanda changu: chupa ya chai,
kiazi kitamu cha jana kwenye karatasi ya nailoni,
nacho nakila kwa upande wa kulia
maana kushoto kuna gego linalonidai tangu Pasaka.
Nikacheka, kiganja mdomoni.
Hakucheka. Alikuwa anatazama kiganja.

Saa nane wakarudi wote, wazito, wakitafuta kadi zao.
Kipaza sauti kikaanza kueleza habari za fizi.
Yeye akaja wa mwisho,
gazeti limelowa mafuta kwapani.

"Hukuniambia kwamba yule mama
humwuliza mgeni nani kamtuma.
Nikataja mlango huu. Akaweka mwiko chini.
Akasema, 'Kumbe yupo! Mtu wa kuniletea watu
miaka yote hii, na mwenyewe haji?'
Hii ni yako. Pesa zangu kazikataa."

Chapati bado moto. Maharagwe yalikuwa yamepenya
hadi kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo.
Akaliweka gazeti juu ya daftari la wageni,
akapapasa mkoba, akatoa tochi ndogo kama kalamu,
akaniangalia kwa namna ya watu wa kazi yake.

"Fungua kinywa," akasema.
Sikujua ni kwa lipi kati ya mawili.
Nikafungua.