Chumvi ya Ngazini

Mama amepiga simu, akasikia koleo.
"Unachimba nini, Padre?"
(Tangu nipewe daraja haniiti jina.)
Namwaga chumvi ngazini, mama.
Kimya. Kisha:
"Chumvi? Chini?"

Mimi mtoto wa Uvinza.
Nimekulia kwenye moshi wa kuni,
tukichemsha maji ya chumvi mpaka macho yawe mekundu.
Punje ikidondoka mchangani ulikula kofi,
ukaiokota, ukaipuliza, ukairudisha.

Hapa Goderich, chini ya Ziwa Huron,
wanaichimba kwa mashine.
Chumvi ya kijivu, haina chungu inayokijua.
Inapakiwa melini ikamwagwe barabarani,
barafu isivunje watu.

Miaka sita sikuuliza nani huimwaga kwetu.
Nilifungua mlango saa kumi na mbili na nusu,
nikakuta ngazi kavu,
nikadhani ngazi hukauka zenyewe.

Kumbe Bwana Devereaux,
mzee aliyekula chumvi nyingi
na kuichimba miaka thelathini na mmoja.
Benchi la mwisho. Hapokei komunyo,
kwa sababu aliyoniambia mara moja na sitaisema.
Alikuja gizani na ndoo, akaenda zake,
misa ikianza akaingia kama mgeni.

Januari akalazwa.
Jumanne ile nilikuwa nanyoa ndevu,
natunga mahubiri, natia chumvi hapa na pale
kama tufanyavyo,
Marivic akateleza ngazi ya tatu.
Ametoka zamu ya usiku, kulisha wazee kwa kijiko.
Nilisikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.
Akasema, "Samahani, Padre, nimekuchelewesha."

Tangu siku hiyo ndoo ni yangu.

Na ninakiri: nilihubiri vibaya.
Nilisema chumvi inayokanyagwa
ni ile iliyokwisha kazi,
nikapaza sauti, nikanyoosha kidole
kuelekea mabenchi ya nyuma.
Sikujua iko ambayo kukanyagwa ndiyo kazi yake.
Inatoboa barafu taratibu,
inalia kidogo, kama mafuta yanapoanza kupata moto,
wala hakuna wa kuionja aseme, naam, imekolea.

Nisijipambe. Vidole vimenipasuka,
chumvi inaingia kidondani
(sisemi kwa mafumbo, nasema kidole hiki cha shahada),
na asubuhi nyingine naimwaga kwa hasira,
nikimwonea wivu Paroko aliyekuwa mimi,
aliyelala mpaka saa kumi na mbili.

"Na watu wanaikanyaga?"
Wanaikanyaga, mama.
"Na wewe unawatazama tu."
Nawatazama. Nawahesabu. Leo kumi na wanne.

Ndani, zulia limejaa alama nyeupe za viatu
tangu mlangoni hadi pale wanapokinga mikono.
Bi Rosaleen wa usafi amenuna:
lisuguliwe kabla ya Pasaka.
Litasuguliwa.

Lakini misa ilipokwisha nilipiga magoti kati ya mabenchi,
nikazikuta za buti moja pana, buti za mgodini,
zimekauka tangu mwaka jana.
Zinatoka mlangoni. Zinaishia benchi la mwisho.
Nikagusa kwa kidole, nikaonja.

Ina ladha ya mashine, mama.
Lakini ni chumvi.
Kesho nampelekea komunyo hospitali,
kama ataitaka.
Asipoitaka nitakaa naye.
Nitamuuliza ndoo huijaza kiasi gani.